Nusu Saa ya Mama

Jumamosi, 7 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Naliandika hapa kwa sababu daftari haliniangalii usoni. Kaka yangu amefungwa miaka minne kwa sababu yangu.

Ilikuwa hivi. Saa ya ukutani nyumbani kwetu iko mbele nusu saa. Mama huisukuma makusudi, anasema watu wa nyumba hii tumezaliwa wachelewaji na dawa yetu ni kudanganywa. Sote watatu tunajua. Ukiitazama unatoa nusu saa kichwani bila hata kufikiri, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi aliouzoea. Lakini polisi walipokuja kuuliza kaka alirudi saa ngapi usiku ule zilipoibwa nyaya za shaba kwenye ghala alikokuwa akipakia mizigo, mimi nilisema nilichokiona ukutani. Saa tatu na dakika kumi. Sikutoa nusu saa. Nilikuwa na sare ya shule, mpelelezi alikuwa anaandika haraka, na mimi nikiulizwa kitu na mtu nisiyemjua ninachotaka ni kumaliza tu. Nikatia sahihi. Mahakamani wakaniuliza kama ile ni sahihi yangu, nikasema ndiyo.

Mzee wa getini pale ghalani alisema aliyeiba aliruka ukuta wa nyuma saa tatu kasorobo, na kwamba alimtambua kuwa ni kaka. Kutoka ghalani mpaka kwetu ni dakika ishirini na tano kwa miguu. Hakimu alijumlisha. Ningetoa ile nusu saa, kaka angekuwa ameshaingia ndani saa mbili na dakika arobaini, kabla mtu yeyote hajaruka ukuta wowote.

Niligundua mwezi wa kwanza, nikipiga deki, kaka akiwa ameshakaa ndani miezi mitatu. Niliinua macho nione kama nimechelewa, nikatoa nusu saa, na hapo hapo nikakaa chini kwenye maji.

Mama hajui. Nilipotoa ushahidi yeye alikuwa nje, kwa sababu mashahidi hawaruhusiwi kusikilizana, na siku ya hukumu alisikia "miaka minne" tu, mengine yakampita. Kaka ndiye aliyenisikia, kutoka kizimbani. Hakusema neno kuhusu saa yetu. Nadhani hakutaka nionekane mwongo mbele za watu.

Leo nilikwenda kumwona, nimwambie. Nimeshindwa. Pale pana nyavu mbili za chuma, moja ya wafungwa na moja yetu, na kati yake pana njia ya hatua mbili ambamo askari anatembea. Watu arobaini upande huu, arobaini upande ule, wote wanapiga kelele kwa pamoja ili kila mmoja asikike na wake. Mwanamke mmoja jirani yangu alikuwa anamuuliza mumewe:

"Ufunguo wa stoo uliuweka wapi?"

"Mfuko wa suruali ya kahawia."

"Ile nimeshaigawa."

"Umemgawia nani suruali yangu?"

Mpaka askari alicheka. Mimi nilishika wavu nikamwambia kaka tuko salama. Hakusikia. Sauti yangu haifiki hatua mbili.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Kazini nimetoa nakala mia mbili za mtihani wa shule ya msingi. Mashine imekwama mara nne.

Alhamisi, 12 Machi

Nimetimiza mwezi mmoja kwenye duka hili la kutoa nakala na kuchapa barua. Mwenye duka, ambaye watu wote humwita Mama Nakala, ameniambia kazi yangu ni safi ila wateja wanadhani mimi ni bubu. "Wewe ukitaka kupiga chafya unaomba ruhusa," amesema. Nimecheka. Hakusikia kama nimecheka.

Jumamosi, 21 Machi

Zamu yetu ni Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Mama alikuwa kazini, anafua mashuka hospitali, kwa hiyo nilikwenda peke yangu na nikaapa sitarudi nalo moyoni. Nilipopata nafasi kwenye wavu nilivuta pumzi nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Nilikosea saa."

"Unasemaje?" kaka akauliza.

Mwanaume aliyekuwa kulia kwangu alinihurumia. Ana sauti ya kuuzia nguo za mitumba. Akapaza: "Binti anasema alikosea saa."

Kaka aliacha kutabasamu. Akajibu: "Mwambie saa za kutembelea hazijabadilika. Ni zilezile."

Mwanaume akanigeukia: "Anasema ni zilezile." Nikamshukuru. Ningefanya nini.

Jumatano, 25 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sijaandika chochote cha maana.

Jumamosi, 4 Aprili

Tumefika tukakuta ile njia ya katikati imejaa maji. Wametangaza hakuna kutembeleana mpaka zamu nyingine. Yule mwanamke wa suruali ya kahawia amesema hata mvua sasa inafanya kazi serikalini. Mama hakucheka. Tumeacha sabuni na dawa ya meno getini, tukarudi tumelowa.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwambia mama.

Alirudi kutoka kwa wakili, mwanamke anayesaidia watu wasio na uwezo, akakaa bila kuvua viatu. Wakili amekubali kusimamia rufaa, lakini amesema bila kitu kipya jaji atasoma yaleyale na kusema yaleyale. Mama akawa anarudia tu, "Kitu kipya. Kitu kipya nikitoe wapi mimi, kwenye ndoo ya sabuni?"

Nikasema nikitazama sakafu. Nilisema yote mfululizo, bila kuweka nukta. Nilipomaliza nikasubiri kofi. Mama hajawahi kunipiga kofi, lakini nilijua leo ningelistahili.

Alinyanyuka akaenda kusimama mbele ya saa.

"Nusu saa yangu," akasema.

"Mama, ni mimi niliyesahau kuitoa."

"Na mimi ndiye niliyeiweka." Akaitazama kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni. Kisha akanigeukia, na uso wake sikuutambua, kwa sababu sijauona ukiwa na furaha tangu mwaka jana. "Si ndiyo kitu kipya chenyewe? Umekaa nacho miezi mitatu, mtoto wewe?"

Alinikumbatia huku ananigombeza. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Alhamisi, 9 Aprili

Jana mama aliitoa saa ukutani, akaivika foronya, akaibeba kifuani mpaka ofisini kwa wakili kama anampeleka mtoto kliniki. Akaiweka mezani juu ya mafaili.

Wakili alitoa simu yake akalinganisha. Nusu saa kamili, haikuzidi hata dakika. Akavua miwani.

"Mama, umefanya hivi kwa muda gani?"

"Tangu huyu yuko darasa la kwanza."

"Na majirani wanajua?"

"Majirani wanaitumia. Mmoja alikosa basi kwa kuamini saa ya simu yake."

Wakili akacheka, kisha akanigeukia taratibu. Amesema nitahitaji kula kiapo kwa maandishi, na huenda nikaitwa kueleza mbele ya jaji. Kiapo kiwe tayari ifikapo Ijumaa ya tarehe 22 Mei. "Utaweza kusema mbele za watu?" akauliza.

"Ataweza," mama akajibu.

Saa imebaki ofisini kuwa kielelezo. Asubuhi ya leo sote wawili tumechelewa kazini.

Jumamosi, 18 Aprili

Mama hakuweza kusubiri. Alipofika kwenye wavu alimpigia kaka kelele habari yote, kutoka polisi mpaka foronya. Mama ana sauti ya watu wanaofanya kazi karibu na mashine. Watu walinyamaza mmoja mmoja kumsikiliza, na alipofika pale "basi mwanangu utatoka", upande wetu wote ukapiga makofi. Yule wa suruali ya kahawia alinishika bega akaniambia nimefanya la maana. Nilitamani ardhi inimeze, lakini safari hii kwa furaha.

Kaka hakupiga makofi. Alishika wavu kwa vidole vyote kumi.

"Mama, acha kwanza," alisema.

"Niache nini?"

"Acha tu kwanza. Tutaongea."

Njiani mama amesema kaka anaogopa kutumaini, wafungwa wako hivyo.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo mzee wa getini ameingia dukani kwetu.

Nilimjua kwa kofia. Alikuja kuchapiwa barua, anaomba kazi ya ulinzi kwenye shule, kwa sababu ghala limeweka kampuni ya walinzi vijana. Karatasi yake ameiandika kwa mkono, herufi kubwa kubwa, na pale kwenye sifa zake ameandika: "Sijawahi kusema uongo kazini." Nilisoma sentensi hiyo nikahisi damu inapanda mpaka masikioni.

Alinitazama. "Wewe si mdogo wake yule kijana?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Niliona nilichoona, mwanangu. Yule alikuwa akinisalimia kila asubuhi. Unadhani nilifurahi?"

Mimi ambaye siwezi kumwambia mteja kwamba amesimama juu ya mguu wangu, leo nimemwambia mzee wa watu, "Mashine imeharibika." Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yangu, inatoa nakala. Aliisikiliza kidogo. Akakunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye kofia, akatoka kwenye mvua.

Mama Nakala aliuliza kulikoni. Nikasema hakuna kitu. Nilijisikia mtu mkubwa mpaka jioni.

Jumamosi, 2 Mei

Kaka hakutoka kuonana nasi. Askari amesema hajisikii vizuri. Mama amesema wanamficha.

Jumatatu, 11 Mei

Wakili ametuma kiapo changu dukani kwetu kikachapwe, hakujua kwamba mchapaji ni mimi mwenyewe. Nimechapa: "Kwamba saa iliyokuwa ukutani siku hiyo ilikuwa mbele kwa dakika thelathini kama ilivyo kawaida ya nyumba yetu." Nimesahihisha nafasi kati ya mistari. Nimetoa nakala tatu. Zilitoka zikiwa na joto, nikazishika kifuani kidogo.

Jumamosi, 16 Mei

Leo nitaandika hata mkono ukiuma.

Mara moja kila miezi mitatu huruhusu familia kukaa pamoja na mfungwa bila wavu, kwenye mabenchi, dakika ishirini. Leo ilikuwa zamu yetu. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kaka alikuja akiwa amenyolewa, amekonda shingo, akaketi kati yetu. Mama alimshika mkono akawa anaukagua kucha kwa kucha na kuongea bila kupumua: tarehe 22, jaji, chumba ameshakisafisha, godoro ameshalianika kwenye siku moja ile ya jua. Kaka alikuwa anasema, "Ndiyo mama. Ndiyo mama."

Kisha askari wa mlangoni akaita. Kitambulisho cha mama hakikusomeka namba, arudi aandikwe upya. Mama akaondoka analalamika. Alipogeuza mgongo tu, kaka alinisogelea.

"Mdogo wangu, usiape."

Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya jaji na watu. Nikamwambia nimekuwa nikijifunza kusema kwa sauti, najifungia bafuni nasoma kile kiapo.

"Si hivyo. Nisikilize, mama atarudi sasa hivi. Siku ile saa haikuwa mbele."

"Ilikuwa mbele. Siku zote iko mbele."

"Mchana nilipita nyumbani kula. Wewe ulikuwa shule, mama amelala anasubiri zamu. Nikaikuta imesimama. Nikachomoa betri moja kwenye rimoti nikaiweka, nikaiseti kwa simu yangu. Nusu saa ya mama sikuikumbuka kabisa. Kesho yake mama akaona iko nyuma, akaisukuma kama anavyofanya siku zote. Hakuuliza. Huwa haulizi."

Nikakumbuka. Usiku ule niliinuka kubadilisha chaneli kwa mkono. Nilidhani rimoti imekufa.

"Kwa hiyo nilisema kweli," nikasema.

"Ulisema kweli. Wewe na yule mzee."

Ilinichukua muda. Nilikuwa natazama kucha zake ambazo mama ametoka kuzikagua.

"Nyaya nilichukua mimi," kaka akasema. "Usiniulize kwa nini. Sababu nilizokuwa nazo zilinitosha siku ile tu."

Nataka kuandika ukweli hapa. Kitu cha kwanza nilichokihisi ni wepesi. Mzigo wote niliobeba tangu mwezi wa kwanza ulishuka, na kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu asiye na kosa. Kisha nikaona aibu kwa wepesi huo, kisha nikakasirika, na sijawahi kumkasirikia kaka maishani.

"Ungenyamaza ukatoka. Mimi nisingejua."

"Nilikusudia. Siku ile mama alipopiga kelele pale kwenye wavu nilirudi ndani nikalala chali, nikajiona niko nyumbani. Tarehe 2 nilikuwa mzima, nilijificha tu. Nilijua nikikuona nitasema." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Ukiapa, yule mzee anakuwa mwongo. Watamuuliza kwa nini alinitaja, na nyaya zilikwenda wapi. Na wewe utakuwa umeapa uongo kwa sababu unanipenda. Nitakaaje nyumba moja na wewe?"

"Basi mwambie mama."

"Siwezi."

"Na mimi nimwambie nini?"

Alimtazama mama mlangoni, ameinama kwenye meza ya askari, anatamka namba zake polepole. "Anaamka kwa sababu ya kitu kimoja tu," kaka akasema. "Akijua, ataamkia nini?"

"Nimekuuliza nimwambie nini."

"Mwambie umeogopa. Mwambie huwezi kusimama mbele za watu." Akashusha sauti. "Atakuamini."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko nyaya. Alikuwa ameshalifikiria kabla sijafika. Alitafuta ndani mle kitu ambacho mama angekiamini bila kuuliza, akakuta aibu yangu.

Mama akarudi, akaketi, akaushika tena ule mkono. "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Namfundisha kusema mbele ya jaji," kaka akajibu.

Jumapili, 17 Mei

Mvua. Mama amepiga pasi gauni langu la Ijumaa, siku tano kabla.

Jumatatu, 18 Mei

Leo nimechapa barua ya mzee wa getini. Hakuwepo. Niliyakumbuka maneno yake yote, nikayachapa, nikampa Mama Nakala ampe akipita. Nimeiacha ile sentensi kama alivyoiandika.

Alhamisi, 21 Mei

Nimesema leo baada ya chakula.

"Mama, siwezi kwenda kesho."

"Huwezi nini?"

"Kuapa. Halafu waniite kwa jaji. Siwezi."

Alidhani ni woga wa kawaida, akanibembeleza. Atanishika mkono. Wakili ni mwanamke mwenzetu. Jaji naye amezaliwa na mtu. Mimi nikarudia siwezi. Mwishowe akauliza kama kile nilichomwambia mwezi wa nne kilikuwa kweli.

Ningeweza kusema hapana. Lakini angeniuliza kilichobadilika, na nisingekuwa na jibu ambalo halimtaji kaka.

"Ni kweli," nikasema. "Naogopa watu."

Mama hakunipiga kofi hata leo. Alisimama akalichukua gauni lililokuwa limetundikwa mlangoni, akalikunja vizuri, akalirudisha kabatini. "Nilikuzaa na ulimi," akasema akiwa amenipa mgongo. "Niliuona mwenyewe."

Ijumaa, 22 Mei

Nimekwenda kazini. Saa nne wakili alipiga simu dukani. Nilikuwa karibu na simu. Nimeiacha ikaita mpaka ikakoma.

Jumatano, 27 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Mama anaongea nami kwa mambo ya lazima: chumvi, ufunguo, mlango.

Jumamosi, 30 Mei

Tumekwenda wote wawili, kila mmoja na siti yake kwenye basi.

Kwenye foleni yule mwanamke wa suruali ya kahawia aliuliza habari za rufaa. Mama akamwambia, na wote waliokuwa karibu wakasikia, kwamba jaji atasoma yaleyale, kwa sababu mwenye ushahidi anaona haya. "Nina watoto wawili," alisema. "Mmoja hana hatia, mwingine hana ulimi."

Mwanamke akanitazama. Ni yuleyule aliyenishika bega. Akasema polepole, "Mwache, mama, ni mtoto," lakini alisogea mbele kidogo, asiwe karibu nami.

Kwenye wavu mama alipaza sauti kwamba atatafuta njia nyingine, asikate tamaa. Kaka akajibu kwamba amesikia. Kisha akamwambia asinigombeze.

"Sijamgombeza," mama akajibu. "Simsemeshi tu."

Kaka alinitafuta kwa macho kupitia nyavu zote mbili. Sikujua anataka nini, nimsamehe au nimhakikishie. Nilimwambia tuko salama. Nilisema kwa sauti yangu ileile ya siku zote. Safari hii nadhani alisikia.

Imebaki miaka mitatu na kitu. Nitakuwa na miaka ishirini na mbili. Kila Jumamosi ya pili nitasimama kando ya mama, nisikie akiwaambia watu kuhusu mtoto wake asiye na hatia, na nitainamisha kichwa kama mtu mwenye aibu. Kuinamisha kichwa najua.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, lile nililokuambia mwanzoni lilikuwa kosa, lifute. Hili la pili ndilo la kweli, na sasa tuko watatu tunaolijua. Siku moja unaweza kukaa na mama kwenye ile foleni, naye atakuhadithia, kwa sababu humhadithia kila mtu. Atakuambia binti yake ni mwoga. Mwitikie. Tafadhali, usimwambie vingine.